Yai la Kwanza ni la Nani?

Ndugu msomaji, umeamua kufuga kuku. Umenunua mitetea 5 na jogoo 1 gulioni. Umewaleta kwa baiskeli, na leo wako uani. Watoto wanawakimbiza. Mama watoto anawatazama huku akipepeta mtama. Baba amekaa chini ya mti anapiga hesabu: wakiongezeka nitauza, nitanunua bati.

Hongera kwa kazi hiyo. Lakini kabla kuku hao hawajataga, nina swali moja. Yai la kwanza litakuwa la nani?

Usicheke. Nyumba nyingi hazijiulizi swali hili. Yai likitagwa linawekwa kwenye kapu. Yakifika kumi yanapelekwa dukani. Yanarudi nyumbani yakiwa sabuni, sukari na vocha ya simu. Mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akimfuata kuku nyuma mpaka kiotani halionji hata moja. Asubuhi anapewa uji mtupu, jioni ugali na mlenda.

Mimi sisemi mlenda ni mbaya. Mlenda ni mboga nzuri na tumekulia humo. Lakini mtoto mdogo ana tumbo dogo. Hawezi kula ugali mwingi. Kile kidogo anachokula lazima kiwe na chakula cha kujenga mwili, yaani protini, na vitamini na madini pia. Yai lina vitu hivyo pamoja, ndani ya ganda moja. Halihitaji kuni nyingi. Halihitaji meno. Mama analichemsha, analiponda kwenye uji au ugali laini, mtoto anameza.

Wapimaji walipopita katika nchi yetu mwaka 2022, walipima urefu wa watoto walio chini ya miaka 5. Katika kila watoto 100 wa Tanzania, watoto 30 walikuwa wamedumaa. Maana yake ni wafupi kuliko umri wao, kwa sababu hawakupata chakula cha kutosha na waliugua mara kwa mara. Mtoto aliyedumaa hachelewi kurefuka tu. Akili yake pia huchelewa, na shuleni atapata taabu. Sasa simama kando ya barabara ya Singida au Dodoma uangalie malori na mabasi yanayokwenda Dar es Salaam. Utaona matenga ya kuku juu. Kuku wanatoka katika vijiji vyetu kwenda kuliwa mjini. Ni biashara, na biashara ni halali. Lakini kuku wakisafiri wote na mayai yakisafiri yote, nini kimebaki kwa mtoto aliyewafukuza mwewe?

Najua utanijibu nini. Utasema, "Mayai haya ni mbegu. Tukiyala leo, kesho hatuna kuku." Jibu hili ni la mtu mwenye akili. Tulipigie hesabu, maana wewe sasa unajua kusoma na kuhesabu.

Kuku wa kienyeji hutaga mayai kati ya 10 na 15, kisha huatamia. Baada ya siku 21 vifaranga hutoka. Kwa mwaka mmoja anaweza kufanya hivyo mara 3. Tuseme kila kuku wako anataga mayai 12. Kuku 5 mara 12 ni 60. Mara 3 kwa mwaka ni mayai 180.

Umeyaacha yote yaatamiwe. Tuseme katika kila mayai 10 yanaanguliwa 8. Utapata vifaranga 144. Lakini vifaranga hawa wanazurura na mama yao tangu siku ya kwanza. Mwewe anachukua, kicheche anachukua, mvua inaua, ugonjwa unaua. Ufugaji wa namna hii hupoteza nusu ya vifaranga, na pengine zaidi. Wanaobaki ni 72.

Sasa fanya hivi. Katika kila mayai 12, chukua 4 yaliyotagwa mwanzo, watoto wale. Bakiza 8. Kwa mwaka mtakula mayai 60. Yatakayoatamiwa ni 120, na vifaranga watatoka 96. Hawa 96 usiwaachie mwewe. Waweke pamoja na mama yao ndani ya tenga kwa wiki nne za mwanzo. Wape maji safi kwenye kisahani chenye vijiwe, wasizame. Wape pumba, dagaa waliosagwa, na mchwa. Mchwa hawauzwi: jaza nyasi na kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye chungu kibovu, nyunyiza maji, kifudikize jioni penye tundu la mchwa, asubuhi utavuna. Ukifanya hivyo ukaokoa robo tatu ya vifaranga, utakuwa na 72.

Umeona? Ni 72 kule na 72 huku. Mayai 60 yameliwa na kuku hawakupungua. Hii ni hesabu ya mfano, na kwako tarakimu zitakuwa nyingine kidogo. Lakini inaonyesha kwamba kinachomaliza kuku wako si mdomo wa mtoto. Ni uzembe wa kuwaachia vifaranga ulimwengu mzima.

Tena mayai yale 4 ya mwanzo hayana hasara kubwa kwa kuku. Yai likikaa muda mrefu kabla ya kuatamiwa, nguvu yake ya kuanguliwa inapungua. Wataalamu wa mifugo hushauri yai la kuatamiwa lisizidi siku 10 hadi 14. Kuku anapomaliza kutaga, mayai yake ya mwanzo ndiyo yaliyozeeka. Na mtetea anayetaga kwa mara ya kwanza katika maisha yake hutaga mayai madogo, na vifaranga wake huwa wadogo na dhaifu. Mayai hayo yanafaa sufuria kuliko kiota. Unapoyatoa, acha moja lenye alama ya mkaa ili kuku asihame kiota. Lile la alama msilile.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: yai la kwanza ni la mtoto. La pili ni la mama mjamzito au anayenyonyesha. Duka lisubiri.

Yupo atakayesema ni afadhali kuuza yai na kununua dagaa au maharage, maana vitatosha nyumba nzima. Nikiona dagaa hao wamefika jikoni, sina ugomvi naye. Lakini fuatilia hela ya yai. Mara nyingi haifiki kwenye dagaa. Inaishia njiani.

Yako pia maneno ya zamani. Kuna wanaosema mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Kuna wanaosema mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Mimi naona wazee walikuwa wanalinda mbegu ya kuku, kwa sababu mtoto aliyeonja yai angerudi kiotani peke yake. Basi makatazo yakafanya kazi. Lakini yai haliharibu tabia ya mtu, wala halinyonyoi nywele za mtoto tumboni. Mtoto akitimiza miezi 6, pamoja na maziwa ya mama anaweza kuanza kula yai. Anza na kidogo umwangalie. Ukiona amevimba au ametoka vipele, acha na umpeleke zahanati.

Yai lichemshwe mpaka liive, nyeupe na kiini vyote vigande. Wapo wanaume wanaokunywa yai bichi wakidai linaongeza nguvu. Linaweza kukuongezea kuhara. Yai linaloelea juu ya maji huenda limeharibika, na yai lililoachwa na kuku baada ya kuatamiwa ni viza. Yote mawili yafukiwe, yasipelekwe jikoni.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana kuna jambo linalonisumbua zaidi.

Jua likitua, kuku wengi wa vijiji vyetu wanalala wapi? Wanalala na sisi. Wengine wako jikoni karibu na mafiga, wengine kwenye pembe ya chumba. Kuku anayeatamia yuko chini ya kitanda. Asubuhi mama anafagia kinyesi, anafungua mlango, kuku wanatoka. Mtoto anayetambaa anaamka na kuanza kutambaa palepale. Anaokota kitu, anatia mdomoni. Mwangalie kwa nusu saa tu, uhesabu mara ngapi mkono wake unakwenda chini, kisha mdomoni.

Kinyesi cha kuku kina vijidudu. Macho hayavioni. Vikiingia tumboni kwa mtoto vinamletea kuhara. Mtoto anayehara anapoteza maji na chumvi, na anaweza kufa upesi. Hata asipohara, wataalamu wanaeleza kuwa uchafu unaoingia kila siku unaweza kudhoofisha utumbo wake. Utumbo ukidhoofika, chakula kinapita bila kufyonzwa vizuri. Ukimlisha yai asubuhi na kumwacha acheze katika kinyesi mchana, unachota maji kwa pakacha.

Kuna utitiri pia, na viroboto wanaoganda machoni na kwenye upanga wa kuku. Wanahamia kwenye matandiko. Kuna vumbi la manyoya na kinyesi, nalo halimfai mtu mwenye pumu wala mtoto mwenye kikohozi.

Wazee wetu watakumbuka mwaka 1973. Mwaka ule ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana. Kisha wakainuka wakachimba vyoo. Hawakungoja serikali ije kuwachimbia. Walielewa kwamba kinyesi cha mtu kikae mbali na chakula cha mtu. Leo tuna vyoo, lakini kinyesi cha kuku tumekilaza chumbani. Mimi sioni tofauti kubwa.

"Na wezi?" utaniuliza. Swali hilo ni la haki. Watu hawalali na kuku kwa sababu wanapenda harufu. Wanaogopa wezi na kicheche. Kwa hiyo banda lisijengwe mbali uani kama choo. Lijenge ukutani, chini ya dirisha la chumba unacholala wewe. Liinue juu ya miti minne, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Sakafu iwe ya fito zilizoachana kidogo, kinyesi kidondoke chini. Kuta ziwe za fito au matete, na paa la nyasi. Kwa kuku 6, upana wa mita 1 na urefu wa mita 1 na nusu unatosha. Weka mlango wenye komeo, na kufuli ukiweza. Ning'iniza mlangoni kopo tupu lenye vijiwe ndani. Mwizi akigusa, litapiga kelele, na mbwa atamaliza kazi. Hapo hujanunua saruji wala bati. Umetumia panga, kamba na siku mbili za kazi.

Kinyesi kilichodondoka chini ya banda kikusanywe na kutiwa shimoni, mbali na kisima, kifunikwe kwa majani na majivu. Kikioza vizuri ni mbolea nzuri ya mchicha. Uani, zungushia uzio mdogo mahali anapochezea mtoto, au mtandikie mkeka safi sehemu ambayo kuku hawafiki. Kila mtu aliyeshika kuku, yai au kinyesi anawe mikono kwa sabuni. Sabuni ikikosekana, majivu yanasaidia. Mama anayenyofoa kuku naye anawe, na kisu aoshe, kabla ya kukata kachumbari.

Nani atafanya kazi hii yote? Hapa naomba akina baba wasikilize.

Katika nyumba nyingi, kuku ni wa mama wakati wa kuwalisha, na ni wa baba wakati wa kuwauza. Mama anateka maji, anatafuta kuni, anatwanga, anapika, analea. Sasa umemwongezea kuku. Anaamka mapema kuwafungulia, anafagia, anawatafuta jioni. Siku ya mnada anakuta jogoo hayupo, na baba amerudi usiku akiimba. Mara ya pili mama atavunjika moyo. Kuku atakayeugua hataonwa mapema, kwa sababu aliyekuwa akiwatazama ameacha kutazama.

Kaeni kikao. Nyumba pia ina vikao vyake. Keti baba, mama, na watoto wakubwa. Baba ajenge banda na kulitengeneza likibomoka. Mtoto mkubwa afungue asubuhi, ahesabu, abadilishe maji. Watoto wadogo wasipewe kazi ya kufagia kinyesi. Kuku yeyote asiuzwe kabla mama hajajua. Na hela ikipatikana, isemwe mbele ya wote ni kiasi gani na itafanya nini. Baba atakayeona haya ni kudharauliwa, namwambia kwa heshima kwamba kuku 6 si ufalme.

Liko na suala la mgeni. Mila yetu ni nzuri: mgeni akija, kuku anachinjwa. Mkwe akija, jogoo. Shemeji akija, jogoo mwingine. Lakini kuku wako ni 6, na ndugu zako ni wengi. Ukianza kuchinja mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu utakuwa na banda tupu na sifa nzuri. Semeni mapema: mpaka kuku wafike 20, mgeni atapata mayai ya kukaanga na mboga, kwa moyo mweupe. Mgeni mwenye kufahamu ataelewa.

Siku mtakayochinja, tazameni na mgao. Baba anapewa firigisi. Mgeni anapewa paja. Watoto wanapewa shingo na miguu, wanabaki kunyonya mifupa. Sitaki kugombana na mtu kuhusu firigisi. Firigisi ibaki ya baba. Lakini ini mpeni mtoto mdogo. Ni laini na lina madini ya kuongeza damu. Na yule mjamzito naye apate kipande cha nyama, si mchuzi tu.

Sasa niseme kuhusu ugonjwa, maana ndio unaovunja wengi mwaka wa kwanza.

Wazee walisema, kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Siku hizi mwewe mkubwa ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kuku anasinzia, anashusha mabawa, anahara kijani, anahema kwa shida. Wengine shingo inapinda. Leo mmoja, kesho watatu, keshokutwa banda zima. Mara nyingi huja wakati wa kiangazi. Watu wanakimbilia mwarobaini, shubiri na pilipili. Sisemi miti hii haina kazi, lakini kideri haina dawa. Hakuna mti unaoitibu, hakuna kidonge kinachoitibu. Kuna kinga tu, nayo ni chanjo.

Ipo chanjo iitwayo I-2. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, kwa hiyo imefaa sana vijijini ambako hakuna jokofu. Pamoja na hayo, isiachwe juani. Ni tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa na kifaranga. Inarudiwa kila baada ya miezi 3. Wachanjwe kuku wazima. Aliyekwisha kuugua chanjo haimwokoi. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, zaidi ya kuku wako 6, na kikishachanganywa hakiwekwi mpaka mwezi ujao. Kwa hiyo usiende peke yako. Zungumza na majirani kumi, mchange, mumwite mtaalamu wa mifugo au mchanjaji wa kijiji. Wachanjeni jioni wakiwa bandani, au alfajiri kabla ya kufunguliwa, msije mkakimbizana nao kijiji kizima. Ukichanja wewe na jirani asichanje, ugonjwa unabaki mlangoni kwako.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wahenga. Mimi naongeza: afungwe kamba hiyo mbali na wenyeji. Kuku uliyemnunua gulioni au uliyepewa na shangazi, mtenge siku 14. Ukiona mzima, mchanganye na wenzake.

Kuku wakianza kufa, yako mambo mawili ambayo watu hufanya, na yote mawili ni mabaya. La kwanza ni kukimbiza wagonjwa mnadani ili hela isipotee. Unamuuzia mwenzako maradhi. Ataingia nayo kijijini kwake, na banda lake litakwisha kama lako. La pili ni kula mizoga. Usile kuku aliyekufa mwenyewe, wala usimpe mbwa. Hujui kilichomuua. Mafua makali ya ndege yamewaua watu katika nchi mbalimbali tangu mwaka 1997. Mzoga uchomwe au ufukiwe shimo refu, mbali na maji, na aliyeufukia anawe mikono. Vifo vikiwa vingi, mpashe habari ofisa mifugo siku hiyohiyo.

Wala usiwape kuku vidonge vya rangi mbili ulivyobakiza kutoka zahanati. Ni dawa za binadamu. Ukizitumia ovyo, vijidudu vinazizoea, na siku mtoto wako akiugua, dawa ileile haitamsaidia. Kuku akipewa dawa na mtaalamu, muulize: siku ngapi tusile mayai yake wala nyama yake? Atakutajia. Zihesabu.

Hapo ndipo kisomo chako kitafanya kazi. Nunua daftari moja dogo. Lisiwe la baba wala la mama, liwe la nyumba. Mtoto wa shule atachora mistari, lakini mwandishi awe yule anayewatunza kuku. Kama mkono bado ni mzito, andika maneno machache. Kwa mfano:

Jumatatu. Kuku 6. Mayai 3. Mtoto 1. Kiotani 2.
Jumanne. Kuku 6. Mayai 2. Mama 1. Kiotani 1.
Jumatano. Kuku 6. Mayai 2. Mtoto 1. Kiotani 1.

Mwisho wa mwezi ketini tena, msome kwa sauti. Daftari halina aibu. Likisema mtoto amekula mayai 2 na duka limekula 11, wote mtalisikia. Mkimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, andikeni na uzito wake ukurasa uleule, karibu na mayai.

Ukurasa wa nyuma kabisa uwe wa chanjo. Kama mmechanja tarehe 10 Aprili, andika hapo hapo tarehe ya kurudia: 10 Julai. Wajulishe na wale majirani kumi, nao waandike. Kalamu ikikosekana, chukua mkaa uandike kwenye mlango wa banda.